Ndoo Juu ya Mkunazi

Mahbuba alikuwa akianika kanga kwenye mkunazi ulio mbele ya nyumba yake. Yeye na mumewe, Marhoon, walifika Maskati kutoka Unguja mwaka 1964, mikono mitupu. Huku Wattaya, pembeni mwa mji, walipata mahali pazuri: tambarare, mchanga laini, kisima karibu. Wenyeji hawakujenga pale. Mahbuba aliona ni bahati yake.

Siku moja jirani yao, Bi Masouda, alikuja kumtembelea. Aliwahi kuolewa Pemba, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri.

"Mwanangu, vile vilivyo juu ya mti ni nini?"

"Viota vya kunguru, bibi."

Bi Masouda alicheka mpaka akashika mbavu. "Kunguru gani? Hebu tazama vizuri."

Mahbuba akatazama. Yalikuwa majani makavu, kamba na kipande cha jamvi. Vyote vimenasa matawini, juu kuliko kichwa chake.

"Maji ndiyo yaliyoviweka," alisema Bi Masouda. Sasa hakucheka. "Hapa ni wadi, njia ya maji. Mvua hunyesha kule jabalini, wewe huku una jua. Kisha maji huja yote pamoja. Nnakwambia, hameni."

Mahbuba aliingiwa na hofu. Mwanawe, Aliya, alikuwa akilala chini ya mti ule kila mchana.

Marhoon aliporudi na kuambiwa, alikuja juu. "Nihame? Paa nimelimaliza juzi! Mvua kwetu tunaiona inakuja."

"Hapa si kwetu Unguja. Basi kaa na paa lako. Mimi na mwanangu tunahama."

Asubuhi Marhoon alipanda kufungua makuti, kanuna kweli kweli. Walijenga upya juu kwenye mawe, karibu na Bi Masouda. Kisima kikawa mbali, na Marhoon hakuacha kulalamika.

Haukupita mwezi. Jua lilikuwa kali, na Marhoon yuko kisimani, Bi Masouda alipopiga ukelele: "Tazameni jabali!"

Kule milimani kulikuwa kweusi.

"Baba Aliya! Acha ndoo! Panda!" alipaza sauti Mahbuba.

Marhoon alitazama mbingu. Nyeupe. Akamtazama mkewe. Akaitupa ndoo, akatimua mbio.

Alipofika kwenye mawe, walisikia mngurumo. Maji ya rangi ya udongo yalikuja na mitende mizima mizima. Yakapita pale pale ilipokuwa nyumba yao ya zamani.

"Yamelikosa paa langu!" alisema Marhoon, huku akihema. Mahbuba alimkumbatia Aliya, akalia na kucheka kwa furaha.

"Msishuke bado," Bi Masouda aliwaonya. "Hata maji ya magotini humwangusha mtu mzima."

Wakangoja mpaka wadi ikakauka.

Baadaye ikaja familia nyingine kutoka Unguja. Baba yao, Mahfoudh, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo pale pale mchangani. Mahbuba akashuka mbio.

"Karibuni jamani! Ile ndoo juu ya mkunazi mnaiona?"

"Tunaiona, dada. Nani kaitundika kule?"

"Ni ya mume wangu. Yeye aliiacha chini, kisimani."

Mahfoudh aliitazama ndoo, akautazama mchanga, akaacha kuchimba.

"Haya, beba nguzo zako," alisema Mahbuba. "Huku juu nafasi ipo, na kahawa iko tayari."