Maharagwe Kiunoni mwa Kaswera

Kila asubuhi Kaswera alichemsha maji, akayapoza, akaosha kidonda kwenye ziwa la mama yake, Florentine. Kisha alitoka kuuliza kama njia ya kwenda hospitali imefunguliwa. Jibu lilikuwa lile lile. Mwaka ule wa 1964 waasi walikuwa upande mmoja wa barabara na wanajeshi upande mwingine. Mama na binti walikuwa wamenaswa katika mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, na kansa haikungoja vita viishe.

Siku ya tisa walipata nafasi katika ndege ndogo ya rubani mmisionari aliyekuwa akienda Kampala, kwenye hospitali kubwa. Rafiki za mama walikuwa wametembea kutoka kwao Kalunguta wakipita msituni kumletea maharagwe, maana hospitalini mgonjwa hulishwa na jamaa yake. Vagheni, rafiki aliyewapa chumba, aliwasindikiza uwanjani.

Rubani aliwapima kwenye mizani ya kahawa. Alisema uwanja ni mfupi na una matope, kwa hiyo chakula kibaki. Kaswera hakubishana. Alijipenyeza nyuma ya kichaka, akajifunga mfuko wa maharagwe kiunoni chini ya kitenge, akarudi akitembea kama bata aliyeshiba.

Ndani ya ndege mkanda ulimbana, maharagwe yalimbana, na uongo ulimbana kuliko vyote. Ndege ilikimbia lakini haikuinuka. Rubani aliisimamisha karibu na miti, akarudi alikotoka akitokwa na jasho. Alisema ndege ni nzito mno, mgonjwa na binti yake washuke. Mama akaanza kufungua mkanda.

Kaswera aliingiwa na hofu. "Mama, hapana kushuka," alisema. "Ni mimi. Niko na maharagi huku chini. Niliwaza, kule nitakupikia nini?"

Mzigo ulipimwa: kilo tisa. Rubani alisema wangeweza kufa wote, kisha akakubali kujaribu tena. Kaswera alilia kwa aibu.

Vagheni alipokea mfuko. "Bale bamama hapana kutembea siku mbili sababu ya maharagi," alisema. "Balitembea sababu yako, Florentine."

Mama alimvuta binti yake karibu. "Kuficha ulijifunza kwangu. Nilificha huu uvimbe mwaka muzima, sababu nilisikia haya. Ningesema uvimbe ukiwa mudogo, leo hatungekuwa hapa. Mutoto wangu, kitu ikikulemea, useme mapema."

Safari hii ndege iliipita miti.