Nimeshiba, Mama

Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka Mwanza pale Nasma alipotokea jukwaani anakimbia, mkono mmoja umeshika mtandio wa njano usipeperuke, mwingine umebeba mfuko wa maandazi. Alivaa dera la kijani juu ya suruali ya mazoezi, na chini raba nyeupe pee, raba ambazo ungesema ni za kwendea harusini. Watu waliokuja kusindikiza wenzao walimpisha huku wanacheka. Behewa la mwisho lilikuwa linampita polepole, na mlangoni pake alisimama kijana mrefu mwenye kofia ya ukindu. Alipomwona aliinama, akanyoosha mkono.

"Tupa mzigo kwanza," alisema. "Maandazi yakipona, na wewe utapona."

Akatupa. Akavutwa juu, akatua kifuani kwa yule kijana, akajitoa upesi na kujifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ahsante, kaka."

"Mihayo. Karibu, bibi harusi. Naona umekuja na viatu kabisa."

Ndivyo walivyojuana. Ndani ya behewa, Teodora, shoga yake aliyemwalika, alikuwa amekaa dirishani anakula miwa kama vile hakumwahidi mtu kumngojea.

Lile kundi lilikuwa la watu wa mjini tu: wauguzi, walimu, mafundi, akina mama wauza vitenge. Jumapili moja kila mwezi walipanda treni, wakashuka stesheni moja ya shamba, wakatembea kwa miguu kupita vijijini hadi stesheni nyingine, kisha wakarudi na treni ya jioni. Aliyelianzisha ni Chenge, mzee mmoja mstaafu aliyeambiwa na daktari atembee kwa ajili ya sukari. Alichoka kuzunguka uwanja wa mpira kama ng'ombe wa kukamua alizeti, akaamua kuifuata reli. Sheria zake zilikuwa mbili. Hakuna wa kumpita Chenge mbele, na hakuna wa kubaki nyuma ya Mihayo. Mihayo ndiye mtu wa mwisho. Ukichoka, anakungoja. Mwiba ukikuchoma, anautoa yeye.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyoleta mambo. Siku ya kwanza raba zilimuuma Nasma, akabaki nyuma, na aliyebaki nyuma ni lazima atembee na Mihayo. Safari iliyofuata alivaa ndala za matairi, mguu hauumi hata kidogo, lakini bado alibaki nyuma.

"Wewe sokoni miguu yako inakimbia," Teodora alimwambia. "Huku inapatwa na nini?"

"Inapatwa na jua."

"Jua lenye kofia ya ukindu."

Mihayo alikuwa fundi wa mageti na madirisha ya chuma kule Igoma. Nasma alimsaidia baba yake, Mzee Faisal, kwenye duka la vitambaa mjini. Jioni akifunga duka alipiga simu, na upande wa pili alisikia kwanza mashine inalia, kisha inazimwa, kisha sauti inasema, "Sema, bibi harusi." Nasma naye alimwita Bwana Mkia. Walikutana ufukweni Kirumba wakala sato wa kukaanga, upepo wa ziwa unapeperusha kitambaa cha meza, na Mihayo akamtolea miiba mmoja mmoja kama anamlisha mtoto. Nasma alimwambia ana mikono na meno yake. Mihayo akasema anajua, lakini amezoea kazi ya mtu wa mwisho.

Mapenzi yalipokolea, kila mmoja akaenda kusema kwao. Mzee Faisal hakukataza. Alisema kijana anaonekana mtu wa kazi. Ila kuna mambo mawili asije akayasikia katika uhai wake: binti yake kuacha dini, na binti yake kula nyama isiyochinjwa kwa dini. Nasma akamwahidi, na ahadi kwa baba yake si jambo alilolichezea.

Mama Mihayo, mjane aliyeishi njia ya kutoka Mantare kwenda Fela, alisema neno moja tu. Mihayo alilifikisha kwa simu.

"Mama hataki maelezo. Anasema nikulete ukae kwake, ule chakula chake, akuone. Akishakuona unakula amemaliza."

"Tu?"

"Kwake hiyo si tu. Asiyekula kwake hawezi kuwa mkwe wake."

"Mwambie nitakula mpaka anifukuze."

Bahati nzuri, Jumapili iliyofuata kundi lilikuwa linapita huko huko. Mihayo alitangulia siku moja kabla. Nasma alitaka kumuuliza habari ya nyama, lakini simu yake huko kijijini haikupatikana, na safari ile mtu wa mwisho alikuwa Malimi, mwalimu wa hesabu asiyejua kuongea. Walitembea kando ya tuta jekundu la reli mpya, wakakata mashamba ya pamba, wakafika kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, yenye uwanja uliofagiwa mpaka ukang'aa.

Nasma alikuwa amejifunza salamu ya Kisukuma. "Mwadila, mayu," alisema huku amepiga magoti, na Mama Mihayo, mwanamke mpana mwenye kitenge kipya kinachonuka duka, alicheka kwa furaha, akamshika mikono, akamwingiza ndani. Wenzake wakakaa nje kivulini. Mezani palikuwa na ugali, mlenda, na bakuli la kuku limefunikwa. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria. Mihayo alikuwa nje anamnawisha Chenge.

Mama akafunua bakuli. Jogoo mzima, mchuzi unameremeta mafuta, firigisi imewekwa juu.

Nasma alikuwa na njaa kali. Alitazama bakuli, akaitazama ile picha, akamsikia baba yake. Kuuliza ilikuwa rahisi: nani amechinja? Lakini utamuulizaje mama wa watu aliyeshinda motoni tangu asubuhi? Ni kama kumwambia mkono wake una uchafu.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama. Nilikula njiani. Huu mlenda utanitosha."

"Umeshiba."

"Ndiyo, mama."

Mama Mihayo alilifunika bakuli, akalibeba, akatoka nalo nje, akawapa wale waliokaa kivulini. Mihayo alipoinua kichwa kwenye birika la kunawia alimwona Teodora anatafuna paja. Akamtazama mama yake. Akamtazama Nasma mlangoni. Akaweka birika chini.

Kwenda Fela alitembea mbele, bega kwa bega na Chenge. Nyuma walibaki Nasma na Malimi na kimya chao. Nasma alimkamata stesheni, treni inaingia.

"Umekasirika."

"Ulikula nini njiani?"

"Mihayo, kuna jambo nilitaka kuuliza pale, nikaona haya."

"Usiulize. Vyombo vya mama ni vya bati, nyumba ni ya udongo. Nimeelewa."

"Hujaelewa hata kidogo."

Akapanda behewa jingine.

Nasma alipiga simu. Mara ya kwanza mashine haikuzimwa. Mihayo alisema ana kazi. Baada ya hapo haikupokelewa. Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta, kwa maana kila alipousoma ulisema kitu kile kile: niliogopa kwamba mama yako amenipikia haramu. Aliona afadhali aonekane ana maringo. Dukani alikosea kupima vitambaa, na baba yake alijifanya hajaona.

Mwezi uliofuata Teodora alimkokota hadi kwenye treni. Mihayo hakuja. Waliposhuka Mantare, wengine wakifunga kamba za viatu, Nasma alikwenda kununua kahawa kwa mzee mwenye kofia ya kiua aliyekaa pembeni ya jukwaa na birika lake. Alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Abeid. "Wewe si ndiye wa kwa Mama Mihayo? Wa mtandio wa njano?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Yule jogoo aliiva? Maana alikuwa mkaidi, alinipiga teke hapa."

"Jogoo gani?"

"Niliyekuchinjia. Mama alikuja naye kwapani asubuhi mapema, kalowa umande mpaka magotini. Akasema, Abeid, nikimlisha mtoto wa watu kitu asichokula, kesho Mungu ataniuliza. Leo anakuja, nichinjie kwa dini yako. Nikamwambia nitamfuata kwake nimpunguzie njia, akakataa. Hata kisu alileta kipya."

Nasma alirudisha kikombe kikiwa kimejaa. Akamfuata Chenge, akamwambia leo atampita. Chenge akaanza habari ya sheria, lakini alikuwa anaviambia visigino vya ndala.

Mama Mihayo alikuwa uani anabangua karanga. Aliitikia shikamoo bila kunyanyuka.

"Mama, nina njaa," Nasma alisema.

"Leo sina kuku."

"Sikuja kwa ajili ya kuku." Akakaa chini, udongoni, na dera lake. "Siku ile nilidanganya. Nilikuwa na njaa mpaka naona giza. Sikujua nani amechinja, na nikaogopa kukuuliza. Nimemkuta Mzee Abeid sasa hivi."

Karanga zikasimama mkononi.

"Kwa nini uogope kuniuliza? Mimi nauma?"

"Ungenionaje?"

"Ningekuona una akili." Mama aliweka karanga chini. "Mimi nami nilitaka kukwambia. Nikasema nikimwambia ataona namdai ahsante. Na yule mwanangu alijua. Alikuwa amekaa anamnawisha mzee mikono kama amezaliwa kwa kazi hiyo."

Alinyanyuka, akaleta matobolwa kwenye ungo, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na karanga juu yake. Nasma alikula. Mama alimtazama anakula, kisha akaenda mpaka kwenye kichuguu ambako simu hushika, akapiga, na sauti yake ilifika uani bila shida.

"Njoo umchukue mtu wako. Anamaliza viazi vyangu."

Mihayo alikuja na pikipiki ya kuazima, ovaroli ya kazi mwilini, miduara ya miwani ya kuchomelea bado iko machoni. Alisimama mbele ya Nasma hajui aweke wapi mikono.

"Ungeniambia tu," Nasma alisema. "Neno moja. Mzee Abeid amechinja."

"Nilidhani unajua siwezi kukuwekea kitu kibaya."

"Ningejuaje? Ulikuwa wapi?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ukinioa, wageni wanawe wenyewe."

Mihayo alimtazama mama yake, kama mtu anayetafuta shahidi. "Umesema nikikuoa?"

"Nimesema. Una masikio."

Walifunga ndoa bomani, Ilemela, baada ya mavuno. Hakuna aliyebadili dini. Mzee Faisal alihudhuria, akakaa nyuma, akaondoka mapema. Siku hizi huwatembelea Sikukuu. Wana mtoto mmoja wa kike. Mihayo bado anachomelea Igoma. Teodora alihamia Kigongo, anauza nguo za watoto karibu na daraja. Chenge alipata kidonda cha mguu, akaacha kutembea, ila hupanda treni na wenzake na kuwangojea stesheni ya pili. Malimi ndiye mtu wa mwisho. Mzee Abeid alifariki mwaka jana na kuzikwa Mantare. Mama Mihayo yupo pale pale. Walimwomba ahamie kwao, akakataa. Anasema mjini hakuna pa kuanika viazi.