Sehemu ya Verdiane

Hebu fumba macho kidogo, uone jikoni kwa Mama Béata, kule Burungu, jioni, ng'ombe amekwisha kukamuliwa. Moshi unajipenyeza kwenye majani ya paa. Juu ya kigoda pana nkongoro, chombo cha mti cha kunywea maziwa, kimejaa hadi ukingoni. Hakuna anayekigusa. Sasa tazama vizuri: uso wa maziwa unatikisika, polepole, kama kuna mtu anayapuliza yapoe.

Béata aliona hivyo, akadhani ni mabomu ya mbali. Miaka ile ya vita vishindo vilitoka upande wa Walikale, na hata sufuria zilizoea kutetemeka. Lakini jioni ile vilima vilikuwa kimya.

Maziwa yale yalikuwa sehemu ya Verdiane, mtoto wa jirani. Ng'ombe wa kwao walichukuliwa na watu wenye bunduki, kwa hiyo kila jioni alikuja kunywa na rafiki yake Kétsia, binti wa Béata. Walikunywa katika nkongoro moja, huyu akimeza, huyu akingoja zamu, wakichekana ndevu nyeupe. Kisha shingo ya Verdiane ikavimba, pumzi yake ikalia kama filimbi iliyopasuka, akafa barabara ya kwenda hospitali ikiwa bado imefungwa kwa vita.

Baada ya maziko, Koko Mukasine, bibi yake Kétsia, alisema mtoto aliyezoea maziwa hanyimwi ghafla, roho yake isije ikakasirika. Akaanza kumwekea sehemu yake. Na kwa kuwa maziwa hayamwagwi katika nyumba ya wafugaji, ng'ombe asije akakauka, Kétsia ndiye aliyeyamalizia.

"Mama," Kétsia alinong'ona jioni ile, "hii maziwa iko moto."

"Moto namna gani? Tangu tumekamua imekaa pale."

"Iko moto kama imetoka mu kinywa ya muntu."

"Kunywa!" Koko akafoka. "Weye unachagua maziwa kama mutoto ya muzungu?"

Kétsia akanywa. Béata alipokwenda kuosha nkongoro alisikia harufu tamu, ya kuoza, kama ndizi za pombe zilizosahauliwa shimoni. Harufu hiyo aliijua. Aliisikia mara ya mwisho alipoinamia maiti ya Verdiane kuifunga kitambaa kidevuni.

Kesho yake hakutulia. Alifagia alipokwisha kufagia, alifunga mlango akaufungua, na saa ya kukamua ilipokaribia akasikia filimbi ile nje, kwanza karibu na zizi, kisha kando ya ukuta, kisha mlangoni, ikivuta na kusita, ikivuta na kusita, naye akasimama na ufagio mkononi akiomba mlango usisukumwe, mpaka alipotambua kwamba filimbi haiko nje tena, iko nyuma yake, kitandani, kifuani mwa mwanawe.

Alimfumbua kinywa. Kooni palitanda ngozi ya kijivu, mfano wa utando wa maziwa yaliyochemka.

Alimbeba mgongoni mbio hadi kituo cha afya. Papa Callixte, muuguzi wa pale, alimulika koo, kisha akazima tochi taratibu.

"Mama, hii iko difteri, ugonjwa ya koo. Inapita mu mate na mu pumzi. Nani alikunywa naye?"

"Verdiane."

"Verdiane tulimuzika."

"Ndo huyo, Papa. Bado anakuja kunywa."

Callixte hakucheka. "Dawa iko ku hospitali. Nimetuma muntu wa pikipiki, kama barabara itamuacha apite. Ile ya ku nyumba, mi siiwezi. Ile ndo kazi yako. Kimbia, miye nitabaki na mutoto."

Béata alifika nyumbani na kukuta nkongoro imejaa tena kwenye kigoda, na maziwa yakishuka, kidole kwa kidole, bila mnywaji. Aliinyakua.

"Usimwage!" Koko alilia. "Utaua ng'ombe!"

"Ng'ombe ife, Mama. Mutoto abakie."

Alikwenda hadi kaburini, akamimina yote. "Verdiane, mwana wangu, umeshiba. Lala sasa." Maziwa yalitoka mazito, yakivutika kama utando. Kisha akarudi, akaitia nkongoro motoni, na mti ule mkavu ukapiga filimbi kwa muda mrefu, ukilia juu, ukilia chini, huku Koko akijiziba masikio, hadi ulipokatika ghafla na nyumba ikawa kimya.

Usiku, pikipiki ilifika kituoni na dawa.

Kétsia alipona. Ng'ombe naye hakukauka. Lakini kila Kétsia aliponywa, maziwa yalimtokea puani, na sauti yake ikawa ya puani pia, ile ile aliyokuwa nayo Verdiane alipougua. "Difteri imelegeza koo yake," Callixte alimtuliza Béata. "Itapita."

Jioni moja Béata alimpa maziwa katika kikombe kipya cha bati. Kétsia akanywa nusu, akapangusa ukingo kwa kiganja, akakinyoosha kikombe upande ambao hapakuwa na mtu.

"Sasa zamu yako," alisema, akangoja.

Uso wa maziwa ukaanza kutikisika. Béata akakichukua kikombe mkononi mwa mwanawe, kwa upole, akatoka nje kumwaga.

Nawe uliyesikiliza, nakuomba ukumbuke jambo hili moja tu: rafiki mpende, mgawie maziwa yako, ila mpe katika kikombe chake.