Marsela Apimwa Akiwa Mzima

Mang'ola huamka taratibu. Ukungu mweupe hulala juu ya Ziwa Eyasi, na harufu ya vitunguu huingia hadi ndani ya nyumba. Saa hiyo Marsela huwa shambani, jembe begani, akipitia mfereji wake polepole kama mtu anayeota.

Laurencia alimkuta hapo. Ni jirani yake, na ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Kesho wanapima saratani ya mlango wa kizazi pale zahanati. Mwaka huu usinikimbie."

"Kesho ni zamu yangu ya maji, dada. Nikiikosa nasubiri siku nane."

"Mwaka jana pia ilikuwa zamu ya maji."

Selina, wifi ya Marsela, alicheka kwenye jaruba la pili, kipande cha shamba ng'ambo ya tuta. "Mwache. Mtu mzima wa afya anakwenda kutafuta nini? Atarudi na ugonjwa ambao hakwenda nao."

Laurencia hakukasirika. Alichuchumaa ukingoni. "Marsela, unatafuta nini humo mferejini?"

"Matundu ya fuko."

"Umeyaona?"

"Bado."

"Sasa unapitia nini?"

"Maji yakishafunguliwa, kitundu kidogo kinakuwa shimo. Jaruba langu linabaki kavu."

Marsela akalishusha jembe. Aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Saratani hii nayo huanza kimya," Laurencia alisema. "Kirusi kinachoileta huenezwa kwa kujamiiana, kisha hukaa mwilini miaka mingi. Hakuna maumivu, hakuna damu. Mwanamke analima, anacheka. Dalili zikionekana, mara nyingi tumechelewa. Ndiyo maana tunapima walio wazima wa afya, kuanzia miaka thelathini."

Jioni Marsela alimweleza mumewe, Tluway.

"Maji nitafungulia mimi," Tluway alisema. "Kwani maji yanajua jina la mtu?"

Hapo Marsela akakosa kisingizio. Ndipo alipojua kwamba hakuogopa kukosa maji. Aliogopa kuambiwa ana ugonjwa, afe awaache watoto wake wadogo.

Lakini kesho yake alikwenda zahanati.

Nesi alifunga mlango na kuvuta pazia la buluu. Akapaka siki kwenye mlango wa kizazi, ili sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe, akasubiri dakika moja. Pazia lilipepea taratibu. Marsela alilitazama, akaona kama ziwa linapumua.

"Naona doa jeupe," nesi alisema. "Sioni saratani. Ni mabadiliko ambayo yangeweza kuwa saratani miaka ijayo. Ukikubali, nitalitibu sasa hivi kwa joto."

"Litauma?"

"Kama tumbo la hedhi."

Marsela akakubali.

Nyumbani alimwambia Tluway, "Nesi amesema tusikutane kimwili kwa wiki sita."

Tluway akakuna kichwa. "Sita?"

"Sita. Nipone vizuri."

"Haya. Vitunguu navisubiri miezi minne, sembuse wewe."

Mwaka ulipita. Marsela alirudi zahanati kama alivyoagizwa. Nesi alipima tena, akatabasamu.

"Pamepona. Doa halipo."

Marsela alitoka nje akijiona mwepesi, kama miguu haigusi vumbi. Kwenye benchi aliketi Selina, kanga imefunika nusu ya uso.

"Usiniangalie hivyo, wifi. Nimekusindikiza tu."

"Sijasema kitu."

Nesi alichungulia mlangoni na daftari mkononi. "Selina Tlatlaa yupo?"

Selina aliishusha kanga usoni. Akaikaza kiunoni, akasimama, akampa Marsela mkoba wake.

"Nishikie," alisema kwa sauti ndogo. "Na usiondoke."