Nionyesheni Mdudu Mmoja

Wa nje aweza uawa, kwa moto na kwa fagio,
Wa ndani hakuna dawa, wala huna kimbilio.

Asubuhi ile ya mwaka 1993 haikuwa na dalili yoyote ya ubaya. Mvua ilikuwa imekatika, barabara ya Misunkumilo ikifuka mvuke, na Kabula, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa akipeleka maziwa nyumba kwa nyumba kama ilivyokuwa desturi yake. Nayasimulia haya kama alivyonisimulia yeye, naye si mwanamke wa kutia chumvi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya marehemu Mbaruku, muuza vitenge, aliyezikwa mwezi uliotangulia. Mjane wake, Rabia, alikuwa amekaa eda: hatoki nyumbani kwa mumewe hata muda wake utimie. Sabrina, dada wa marehemu, alikuwa amehamia pale ili amchunge. Ufunguo wa mlango aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na kanga hiyo haikumtoka mwilini.

Rabia alipokea maziwa huku akijikuna bega hadi ngozi ikachubuka.

"Kunguni?" Kabula aliuliza.

"Sijui, shoga. Wananiuma mchana kweupe. Nikiangalia, sioni kitu."

Wakafanya yote yanayofanywa na watu walioingiliwa na kunguni. Kitanda kilitolewa uani kikamiminiwa maji ya moto kwenye maungio. Mikeka ikaanikwa juani. Nyufa zikapakwa mafuta ya taa, na majani ya tumbaku yakatandazwa kando ya kuta. Hakuanguka hata mdudu mmoja. Kesho yake mgongo wa Rabia ulikuwa na matobo mapya, mawili mawili, yaliyopangika kwa mstari ulionyooka kuliko mshono wa cherehani.

Sabrina, aliyelala sebuleni, hakuwa na alama hata moja.

"Huyu anatafuta njia ya kutoka," alisema. "Au wewe Kabula umemletea kupe wa ng'ombe zako?"

"Kupe tunamwona, bibi. Tunampasua kwa kucha."

"Basi nionyesheni huyo wenu. Mdudu mmoja tu, na mlango nitaufungua kwa mkono wangu."

Kabula akaomba aone mahali Rabia alipokuwa akilala. Chumba kilikuwa na sakafu ya udongo. Humo ndimo marehemu alimooshewa, na humo ndimo ulimochimbwa ufuo, yaani lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Baada ya mazishi ulifukiwa. Mkeka wa Rabia ulikuwa umetandikwa juu yake hasa.

"Nani kakwambia ulale hapa?"

"Wifi. Anasema mjane hulala pale alipooshewa mumewe."

Kabula alikuwa na majirani wengi Waislamu, na jambo hilo hakuwahi kulisikia kwa yeyote kati yao. Akakaa mkekani, akanyoosha miguu yake mitupu kwenye mwanga wa dirisha, akangoja. Hakutua nzi. Hakutambaa chungu. Kisha ngozi ya shavu la mguu wake ikabonyea, mahali pawili, kama inayobonyezwa na ncha za sindano. Damu ikachomoza. Juu ya ile damu hapakuwa na kitu.

Akaruka akasimama. Maumivu yakakoma papo hapo.

"Simama, Rabia," alinong'ona. "Ukisimama hawaumi."

Tangu saa ile Rabia akawa mtu wa kusimama. Alikula amesimama. Alisinzia amesimama, bega ukutani, na magoti yakimlegea alizinduka kwa mayowe. Kulala sebuleni Sabrina alimkatalia, na mlango wa kati akautia komeo. Wakati wa sala tu ndipo Rabia alipoinama, kwa kuwa sijida hakukubali kuiacha. Baada ya siku chache paji la uso wake, pale linapogusa msala, lilikuwa na matobo mawili.

Kabula akaenda kwa sheikh. Jibu lilikuja bila kusita: mjane aliye hatarini ahame, dini haimfungi mtu kwenye maangamizi.

"Hatari iko wapi?" Sabrina akauliza. "Nionyesheni mdudu."

Akampiga Kabula marufuku kuvuka kizingiti. Maziwa yakawa yanapitia dirishani, kati ya nondo, na kila siku mkono ulioyapokea ulikuwa mwembamba zaidi.

"Shoga," Rabia alimwambia kwa sauti iliyokwisha, "mimi nikianguka sitainuka. Usingizi umenishinda."

"Nyie, huyu mtu anaisha!" Kabula alipiga kelele. "Sabrina! Mtoe!"

Sabrina akaingia chumbani na jembe, akaukomea mlango wa kati kwa ndani.

"Leo tutamaliza ubishi. Mnasema wapo? Tuwatafute."

"Usifukue ufuo, dada," Kabula alisihi dirishani. "Hilo si shimo la kufukua."

Alifukua. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini udongo ulitoka mkavu kama majivu. Rabia alijibana ukutani. Jembe lilishuka, likapanda. Hakuna mchwa. Hakuna siafu. Sabrina akacheka, akatupa jembe, akaingia shimoni, akapiga magoti. Akakusanya udongo kwa viganja viwili.

"Haya! Nionyesheni! Mdudu mmo..."

Hakumaliza.

Alitazama magoti yake. Akajaribu kuinuka. Akakaa.

"Wifi," alisema polepole. "Wifi, nipe mkono."

Pindo lenye ufunguo lilikuwa shimoni pamoja naye. Kuufikia kulitaka kuinama. Kumvuta Sabrina kulitaka kupiga magoti. Rabia alimtazama.

Sabrina akajilaza. Hakupiga kelele. Alijilaza kama mtu anayelazwa.

Kabula akakimbia kutafuta watu. Wanaume watatu walikuja na shoka, wakauvunja mlango wa mbele, kisha wakaling'oa komeo. Jua lilikuwa bado juu. Sabrina alikuwa shimoni, macho wazi, mkono mmoja umenyooshwa juu. Amekufa. Upande wa mbele ngozi yake ilikuwa safi. Wakamgeuza. Mmoja wa wale wanaume akatoka nje kutapika.

Walichungua udongo wote kwa mikono. Hawakupata mdudu.

Chini ya maiti, katika udongo ule mkavu, palikuwa na maji. Yalikuwa maangavu, vuguvugu, yakinukia kafuri, kama maji ya kuoshea maiti. Hakuna aliyekuwa ameingiza maji chumbani humo tangu Mbaruku azikwe.

Ule mkono ulionyooshwa ulikuwa umefika karibu kabisa na vidole vya miguu ya Rabia. Rabia hakuwa ameinama. Walimkuta pale pale ukutani, macho makavu, amesimama.