Ndege Iliyokuwa Ukutani

Kosa la kwanza lilikuwa dogo mno. Mkunga alitoka jikoni na chai yake mchana mmoja, akakuta picha zote za sebuleni zimeinama upande wa kushoto, zote kwa kiasi kile kile, kama vile nyumba nzima ilikuwa inakata kona. Akaweka kikombe, akazinyoosha moja moja kwa kidole, akajiambia ni malori ya barabarani. Kesho yake mchana zikainama tena.

Mtaa mzima ulimwita Mkunga, ingawa alikwisha kustaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake wakiwa hawajui hata kulia vizuri, kisha wakakua, wakahama, wakamwachia salamu za mbali. Mumewe alitangulia. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, naye akafuata. Akabaki peke yake katika nyumba ya paa la zege aliyoiacha baba yao, yeye na zile picha.

Zilikuwa picha za vita. Baba alikuwa fundi wa injini za ndege za mabomu, na ukutani walisimama vijana wa ovaroli zenye mafuta, chini ya bawa pana kama ukumbi, na mabomu yamelazwa chini kama matikiti sokoni. Baba hakuwahi kuzieleza. Watoto walichojua ni kwamba safari moja alipandishwa ndegeni kuilinda injini iliyokuwa inakohoa, na tangu siku hiyo hakupenda kuupa mgongo mlango ulio wazi. Sahani ikianguka jikoni, alitoka nje akakaa huko mpaka chakula kipoe. Mtoto wake wa pekee wa kiume, mdogo wake Mkunga, alihama nyumba ile ndevu hazijamwota, akawa haonekani ila kwenye mazishi.

Baada ya picha ikaja harufu ya petroli. Mkunga alikagua jiko, akanusa mashuka, akanusa hata maji ya mtungi. Kisha vikombe vikaanza kutetemeka kabatini, na mngurumo ukapanda kutoka sakafuni hadi kwenye magego yake. Na alasiri moja ya mvua, sauti ikatoka nyuma ya picha, sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Tumefika?"

Ilikuwa miezi mingi hajaulizwa neno na mtu ndani ya nyumba ile. Hofu ilimshika, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu alichokionea haya baadaye, kitu kama furaha. Akajibu, "Bado."

Tangu hapo sauti ikawa inauliza kila siku, naye anajibu kila siku, huku anafuta vumbi au anakunja nguo. Akaanza kuongea nayo habari za goti na za bei ya mkaa. Mpaka siku ile aliyojilaza kidogo baada ya chakula, akazinduliwa na upepo usoni, akafumbua macho akajikuta juu ya paa, yeye ambaye kwa nyonga ile mbovu hakuwa amepanda ngazi zile kwa miaka, amesimama ukingoni kabisa vidole vya miguu vikining'inia hewani, mikono ameitanua kama mabawa, na mdomo wake wenyewe, bila yeye kuuamuru, unasema polepole kwa sauti isiyo yake, "Kushoto, geuka kushoto, mto ule pale, nyumbani ni ng'ambo ya mto."

"Mama Mkunga," fundi viatu wa pale barabarani alimwita kutoka chini, taratibu, kama anayemwita paka. "Mama, rudi nyuma hatua moja tu. Nina neno la kukuambia."

Ni yeye aliyemleta mganga. Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye mafua yasiyoisha, vifaa vyake kavitia kwenye mfuko wa plastiki. Alizunguka sebule akinusa.

"Huyu si wa ukoo wenu, mama," alisema. "Amepanda njiani, huko baba yako alikokwenda. Na wewe umemjibu, sivyo? Jini ukimwitikia umempa kiti."

"Basi zichome hizo picha."

"Nikizichoma atabaki humu hana hata mlango. Niitie damu nyingine ya baba yako. Mtu akiwa peke yake, jini atamrusha."

Mkunga akampigia simu mdogo wake. Alisema tu kwamba nyumba ina matatizo, aje. 

"Dada," alisema mdogo wake, "bado zinainama kushoto?"

Hakuwa amemwambia lolote kuhusu picha.

Alifika na begi dogo, mvi zimemjaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango kama mgeni.

"Kumbe ulijua," Mkunga alisema.

"Tangu utoto nilikuwa namsikia, nikilala chumba cha nyuma. Nikamwambia baba. Akasema nisimjibu. Hatukuzungumza tena."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unalala vizuri, dada. Nilikuonea wivu."

Giza lilipoanza kuingia mganga alifunga madirisha, akafukiza ubani, akawakalisha ndugu wawili mkekani wameshikana mikono. Akasoma. Petroli ikauzidi ubani. Fremu zikaanza kuinama, na safari hii sakafu nayo ikainama, mkeka ukateleza, vikombe vikamwagika kutoka kabatini vyote upande mmoja, mngurumo ukajaa vifuani mwao mpaka hawakujua moyo ni upi na injini ni ipi, na Mkunga akauhisi mkono wa mdogo wake unapoa kiganjani mwake kama chuma cha alfajiri, kisha akaona kichwa cha ndugu yake kikiinuka na mdomo ukifunguka.

"Nani wewe?" mganga aliuliza.

"Mwenye kisima," ile sauti ikasema. "Nilikuwa na kisima uani kwa watu. Walinijua, walinisalimu kabla ya kuchota. Nikasikia mbingu inanguruma, nikatoka kutazama, na nyuma yangu kukawa hakuna kitu. Si kisima, si ukuta, si wao. Moshi ukanipandisha, nikashika chuma. Nilidhani kilichonichukua kitanirudisha. Tumefika?"

Mganga alisahau maneno yake. Mkunga ndiye aliyesogea, akauweka mkono mgongoni kwa mdogo wake, pale pale alipozoea kuwashika wazazi wenye uchungu.

"Hujafika," alinong'ona. "Na mimi siwezi kukupeleka, mifupa yangu haina mabawa. Lakini ndege unayo, iko pale ukutani. Shuka miilini mwetu, uichukue. Taratibu. Usisukume. Pumua, halafu toka."

Vioo vya fremu vikapasuka kwa pamoja. Mngurumo ukapita juu ya vichwa vyao, ukapita paa, ukafifia mbali upande wa kushoto.

Mganga alipowasha taa, picha zilikuwa zimenyooka, na hakuna hata moja iliyokuwa na ndege. Vijana wale walisimama katika mwanga mtupu, mikono imeegemea hewa. Baba naye alikuwepo, lakini kivuli cha bawa kilichofunika uso wake miaka yote kilikuwa kimeondoka. Jua lilimpiga usoni. Mashavu hayakuwa na unywele, na macho yalikuwa ya mtoto anayemtafuta mama yake.

"Huyu ndiye tuliyekuwa tukimwogopa?" mdogo wake aliuliza.

Mkunga aliinama kuokota vipande vya vioo.

Kesho yake alimsindikiza kituoni, wakaahidiana kutembeleana, kila mmoja akijua umri wao. Aliporudi alikaa sebuleni akasikiliza. Malori yalipita. Vikombe vilivyosalia vilitulia kabatini. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akajikuta analia, na hakujua kama anamlilia baba, au yule aliyeruka peke yake gizani kukitafuta kisima ambacho hakipo.