Herufi za Mwalimu

Mama mdogo wangu ni fundi wa kompyuta, na si mtu wa kushtuka ovyo. Ukimwambia nyumba fulani ina mashetani, atakuuliza kama nyaya za umeme zimekaguliwa. Kwa hiyo haya nayasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, kikombe kakishika kwa mikono miwili, chai imeshapoa hajainywa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua limechangamka, majirani wanaanika nguo. Aliitwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuhariri vitabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mhariri. Alikuwa mgane wa miezi minne. Mkewe alikuwa mwalimu, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiandika kamusi ya watoto, neno kwa neno, kila alipotoka darasani.

"Karibu, fundi," Mhariri alisema mlangoni. "Kompyuta ya marehemu inanitesa. Herufi hazisomeki, na kesho kutwa kazi inatakiwa kiwandani ikachapwe."

"Pole kwa msiba, mzee."

"Tumeshapoa," akajibu, upesi kidogo kuliko ilivyofaa.

Akampeleka chumba cha mwisho. Kulikuwa na meza, kompyuta na kitanda chembamba kilichosukumwa ukutani. Marehemu alikuwa amehamishiwa humo siku za ugonjwa wake, Mhariri akaeleza, ili apate utulivu. Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Alipogeuka kuufunga mlango aliona komeo. Lilikuwa upande wa nje.

Kompyuta ilitumia Linux, mfumo ambao mama mdogo anaujua kama anavyoujua mkoba wake. Kwanza akainakili kamusi kwenye diski yake ndogo, maana hagusi faili ya mtu kabla ya kuiwekea nakala. Kisha akaifungua katika programu ya kuandikia.

Herufi zilikuwa mbaya sana. Nyingine zilikuwa na kingo zilizochongoka kama zimetafunwa na panya, nyingine zimevimba na kufanya ukungu. Ukurasa wa kwanza ulisomeka kwa taabu: jina la kamusi, na chini yake, "Imetungwa na", kisha jina la Mhariri. La mwalimu halikuwepo popote.

Mama mdogo alilijua jasho la nani limo mle. Watoto wake wawili walisomeshwa na mwalimu yule. Lakini ameitwa kutengeneza herufi, si kuamua kesi. Akayameza.

Akaangalia vipimo vya skrini. Viko sawa. Akabadilisha mpangilio wa kulainisha kingo za herufi. Hakuna tofauti. Akadhani fonti aliyotumia marehemu, yaani umbo la herufi, imepotea na kompyuta imeweka nyingine mahali pake, kwa hiyo akaweka fonti mpya. Akafuta akiba ya fonti za zamani, akaizima kompyuta, akaiwasha tena.

Mitihani ya shule ikafunguka safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Barua safi. Kila faili safi.

Kamusi ikawa imeoza zaidi.

"Labda faili imeharibika," alimwambia Mhariri, aliyekuwa kasimama nyuma yake, anapumua shingoni kwake. "Ngoja niikuze tuone."

Akaukuza ukurasa wa pili hadi herufi zikawa kubwa kama vidole. Hapo ndipo alipoona. Hazikuwa mbovu zote. Katikati ya uozo ule, herufi moja moja zilikuwa nzima, nyeusi, kali kama sindano. N. Mistari miwili chini, I. Kisha L.

Akachukua penseli, akaanza kuzinakili kwenye karatasi. Hakuwa na wazo lolote, alisema. Fundi hutafuta mpangilio wa tatizo, basi. Ukurasa ulipokwisha, akasoma alichoandika.

NILIOMBA MAJI. AKAFUNGA MLANGO.

Akafungua ukurasa wa tatu. Maneno yale yale. Wa arobaini. Yale yale. Wa mia mbili na sita.

Yale yale.

Nyuma yake pumzi ilikuwa imekatika. Akageuka. Mhariri alikuwa anaitazama karatasi, midomo imekuwa ya majivu.

"Nani kakwambia?" alinong'ona.

"Mzee, mimi nimenakili tu."

"Nani kakwambia!"

Akaipokonya karatasi, akaichana vipande. Akamsukuma mama mdogo kando, akaishika kibodi mwenyewe, akaifuta kamusi. Faili ikatoweka. Kisha Mhariri akaanza kujifikicha macho. Polepole kwanza. Halafu kwa nguvu.

"Fundi," alisema. "Hiyo kalenda ukutani. Imeandikwa nini?"

"Mwezi na tarehe, mzee."

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana."

Mama mdogo alikusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga. Hakukimbia, alinisisitizia. Alitembea haraka.

Yaliyofuata aliyapata kwa shemeji yake Mhariri, mdogo wa marehemu. Yeye ndiye aliyempeleka mzee kwa daktari wa macho siku ya pili, maana alikuwa hasomi tena kitu. Gazeti, kibao cha duka, kisanduku cha dawa, vyote vilikuwa vimetafunwa kingo. Daktari akamulika macho yote mawili. Mazima kabisa, kama ya kijana. Akamkalisha mbele ya ubao wa herufi, zile kubwa juu na ndogo chini.

"Soma unachoona, baba. Anza mstari wa juu."

Mhariri akakaza taya. Lakini mdomo ukafunguka.

"Niliomba maji," akasoma. "Akafunga mlango."

"Samahani? Mstari wa pili."

"Niliomba maji. Akafunga mlango."

Hadi mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kama chawa, ambao hata vijana huukosea. Aliusoma bila kukwama.

Shemeji alikuwa kasimama pembeni na mkoba wake. Alikumbuka mchana ule alipokuja kumwona dada yake, akaambiwa getini kwamba mgonjwa amelala asisumbuliwe. Alikumbuka alivyorudi alikotoka, kwa adabu. Akainama karibu na sikio la mzee.

"Shemeji," alinong'ona. "Mlango gani?"

Akamwambia. Yote, mbele ya daktari, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mwenzake. Siku tatu. Na kikombe kilichokuwa mezani, hatua nne kutoka kitandani.

Kamusi ilichapwa kutoka kwenye nakala ya mama mdogo, herufi zote zimenyooka, na jina la mwalimu juu. Mhariri yupo hai. Alishtakiwa, akafungwa, na hukohuko amejifunga kitambaa machoni mchana na usiku. Askari walipomuuliza kwa nini, alisema akifumbua macho maneno yanakuwa makali zaidi.

"Mzee alitaka asomwe," shemeji alimwambia mama mdogo siku alipomletea kamusi. "Sasa anasomwa na dada yangu tu, kila siku. Mimi siombi apone."

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Lakini mama mdogo aliweka kikombe chini, akanifungulia kompyuta yake mwenyewe, mpya, isiyowahi kuingia nyumba ile. Huandika humo orodha ya wateja: tarehe, jina, tatizo. Wote walikuwepo. Jumanne ile ilikuwa na tarehe, na tatizo: herufi hazisomeki. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Andika wewe," aliniambia.

Nikaandika jina la Mhariri. Nilibonyeza kila herufi, na kile kistari cha kuandikia kikasogea, hatua moja kwa kila herufi. Hakikuacha kitu nyuma.

Nikaandika langu. Likatokea.